Wimbo wa Tisa, Upande B

Wakesho anapitiwa na usingizi kabla hajabonyeza kitufe cha kuisimamisha kaseti, na hilo ndilo kosa lake la leo, dogo tu ukilinganisha na lile alilolifanya miaka ishirini na saba iliyopita, ambalo tutalifikia, hata kama mwenyewe angeomba tulipite kwa mbali. Ni Alhamisi mchana, mjini Voi, joto limekaa juu ya mabati halitaki kuondoka, naye amejilaza kwenye mkeka sebuleni kwa wifi yake Mkawasi, kichwa karibu na redio ya marehemu kaka yake, ile kubwa nyeusi yenye milango miwili ya kaseti. Mlango wa kulia una kaseti mpya. Mlango wa kushoto una kaseti yake ya zamani, anamotoa nyimbo. Jumamosi ni kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu Mwakio azikwe, na Mkawasi amesema hataki kwaya peke yake. Watu wakianza kula anataka zipigwe nyimbo za roki alizozipenda mume wake, zipigwe kwenye redio yake mwenyewe, zipangwe na mtu pekee aliyebaki anayejua zinavyopangwa. Tisa zinatosha, wifi, alimwambia asubuhi akimkabidhi kasha la kaseti. Na ule wao usiusahau, ule walioupiga na rafiki yake wa zamani Mwadime. Mimi niliolewa naye miaka ishirini na sijawahi kuusikia. Wakesho akaitikia, haya wifi, nitautafuta, kana kwamba ni kitu kilichoangukia nyuma ya kabati.

Nyimbo nane ameshazipanga. Ameanza na ule mfupi wa kuamsha watu, wa tatu akaweka mkali kuliko yote, kwa sababu Mwakio alisema mtu akifika wimbo wa tatu hajainua kichwa hatainua tena, na nyimbo mbili za huzuni hazijafuatana popote, hiyo ilikuwa sheria, na kati ya wimbo na wimbo ameacha pumzi nne za kimya. Wa nane uko mwisho kabisa wa upande B wa kaseti ya zamani na ndio unaocheza sasa, gita linasaga kama mashine ya posho, na kwa kidirisha cha redio Wakesho anaviona vile vigurudumu viwili, kimoja kinanenepa na kingine kinakonda, vinazunguka, vinazunguka, na gurudumu lililokonda linafunguka katikati kama mlango, naye anapita, hajui kama alisimama au alitambaa, anajikuta barabarani.

Barabara ni ya kahawia, inang'aa, nyembamba sana, ina upana wa kutosha nyayo mbili tu, na pande zote hakuna kitu, si shimo wala anga, ni ule mvumo wa kaseti isiyo na wimbo. Anatembea. Kila hatua inatoa sauti kidogo, noti moja ya besi, na akiharakisha barabara inapanda mlima, akipunguza mwendo mlima unajilaza, na mara anaelewa, kwa namna watu wanavyoelewa mambo ndotoni bila kufundishwa, kwamba anatembea juu ya orodha yake mwenyewe, kwamba kilima hiki ni wimbo wa tatu na tambarare ile mbele ni wa nne, na akiubadili mpangilio kichwani nchi nayo inageuka, milima inapishana kama watu mlangoni. Anaujaribu. Anaufanya wa sita uwe wa pili na barabara inampindisha nyuma hadi alikotoka. Acha mchezo, inasema sauti, utatapika. Wakesho anaijua sauti hiyo kabla hajageuka. Ni ya mtangazaji wa kipindi cha roki cha Jumamosi alasiri, yule aliyewatesa yeye na Mwakio utoto mzima, kwa sababu walikuwa wakirekodi nyimbo kutoka redioni, kidole juu ya kitufe, wakimngoja anyamaze, naye hakunyamaza. Aliuingilia kila wimbo kabla haujaisha, akautia maneno yake mkiani, hata leo Wakesho akizisikia nyimbo zile mahali pengine anashangaa kwamba zina miisho. Anageuka. Mtangazaji amevaa suti nzuri na tai, na juu ya tai kuna kichwa, na kwenye kichwa hakuna kitu, ni ngozi laini tupu kama goti. Haogopi, maana walimjua kwa sauti tu, uso wangeutoa wapi.

Natafuta wimbo wa tisa, anamwambia. Shikamoo kwanza, anasema mtangazaji. Marahaba nitaitikia mwenyewe kama hutaki. Shikamoo, anasema Wakesho. Marahaba. Wimbo gani? Wa kaka yangu, wimbo wao yeye na Mwadime, waliupiga mara moja tu, kwenye stoo ya kiwanda cha katani, Mwakio gita na Mwadime ngoma, kaseti moja, nakala hakuna. Mtangazaji anatikisa kichwa chake cha goti. Niliwaandikia barua, anasema, niliwaambia leteni, nitaupiga hewani Jumamosi, nikaweka nafasi ya dakika nne baada ya habari. Naishikilia nafasi hiyo mpaka leo. Unajua kuzungumza dakika nne kwa miaka ishirini na saba ni kazi gani? Basi niambie uko wapi, anasema Wakesho. Uko palepale ulipokuwa, anajibu, haujasogea hata unywele. Anayeutafuta ndiye anayekaa juu yake. Wakesho anakasirika, hajapenda mafumbo tangu zamani, anamwambia, sema kwa lugha ya watu, mzee, nina siku mbili tu, na mtangazaji anacheka kile kicheko chake cha redioni, anasema, twende mjini, ukaulize dukani.

Mji unaanza ghafla, kama wimbo unaoanza bila pumzi nne. Juu ya lango pameandikwa Upande A, kwa mwandiko wa Mwakio, ile A yake yenye mguu mmoja mrefu, na ndani yake ni Voi, Voi ya wakati ule, stesheni ya reli na mabehewa ya katani na kinyozi chini ya turubai, ila katikati ya mji umepita mtaro wa kioo, na ng'ambo ya kioo kuna mji mwingine ulewule umegeuzwa, Upande B, ambako watu wanatembea kinyumenyume na moshi unarudi ndani ya jiko. Wakesho anaingia duka la kwanza. Muuzaji hana uso. Mna wimbo wa akina Mwakio? Muuzaji anamwekea mezani kiviringo cha selotepu, ule utepe wa kunata. Sijaomba selotepu, anasema Wakesho. Muuzaji anaisogeza karibu zaidi. Anatoka, anaingia duka la pili, la viatu, anauliza, analetewa selotepu. La tatu ni bucha, na mwenye bucha anaikata selotepu kwa panga, anaipima kwenye mizani, anaifunga kwa gazeti. Hii inatosha kufunika vijishimo viwili, mama, anasema kwa upole, na Wakesho anamwambia, mimi si mama yako, na anajisikia vibaya mara moja, kwa sababu sauti yake imetoka kali kama ya mtu aliyeshikwa.

Sasa hapa inabidi tuseme jambo la kaseti, kwa ajili ya waliozaliwa juzi. Kaseti ilikuwa na vijino viwili vya plastiki mgongoni. Ukitaka kilichomo kisifutwe, ulivivunja, na redio ikakataa kurekodi juu yake. Kila nyumba ilijua maana yake: vijino vikivunjwa, usiguse. Na kila nyumba ilijua pia kwamba ukiziba vile vijishimo kwa kipande cha selotepu, redio inadanganyika, inakubali. Kuvunja ilikuwa kusema hapana. Kuziba ilikuwa kusema sijasikia.

Anavuka kioo. Hakivunjiki, kinampitisha kama maji ya vuguvugu, na upande wa pili miguu yake inaanza kwenda nyuma bila kumwuliza, anatembea kwa visigino, anarudi nyuma kwenye barabara za Upande B huku mtangazaji akimfuata uso kwa, basi, goti kwa uso. Anapita kinyumenyume mbele ya maziko ya mwaka jana: Mwakio anapanda kutoka kaburini, watu wanazoa udongo na kuurudisha kwenye lundo, na nje ya ua, upande wa barabara, amesimama mwanamume mzee kidogo, kofia mkononi, hakuingia. Ni Mwadime. Siku ile Wakesho alimwona na akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Sasa hana mkoba. Mwadime anamtazama, ndiye mtu wa kwanza mwenye uso katika nchi hii, na anasema, dada Wakesho, hujambo. Sauti yake haina hasira hata kidogo, na hilo ndilo linalouma. Wakesho anataka kujibu lakini miguu inampeleka nyuma zaidi, anapita stesheni ambako Mwakio amekaa dirishani anakata tiketi, miaka kumi na tisa ya tiketi, anapita siku Mwakio alipompa jirani gita lake bure kwa sababu hakutaka kuliona tena ukutani, anapita uwanja wa nyuma ya ukumbi ambako vijana wawili wanapigana hadi kwa meno, Mwakio anapiga kelele, umeipeleka wapi, na Mwadime anajibu, nakuapia kwa mama yangu sijaichukua, na wote wawili wanalia, na hawatasemezana tena mpaka mmoja afe. Nisimamishe, Wakesho anamwambia mtangazaji. Mimi si kitufe, anajibu mtangazaji. Kidole ni chako tangu siku ile.

Na miguu inasimama. Ni Ijumaa, ni sebule ya wazazi wao, na kwenye kiti cha baba yao amekaa Righa, mpimaji wa ardhi kutoka Taveta, ana umri wa miaka ishirini na sita, mzuri bila sababu, fulana nyeupe, uso anao wote na macho na meno yale, ila hana masikio. Pande za kichwa ni laini. Wakesho anataka kucheka, kisha anataka kulia, maana ni kweli, ni kweli tupu. Huyu ndiye ambaye Wakesho alimtengenezea kaseti ya mchanganyiko. Alikaa wiki mbili akizipanga nyimbo, ule kabla ya huu, huu usikae karibu na ule, kila wimbo ukisema neno ambalo mdomo wake haukuthubutu kulisema, na mwisho wa upande B akaweka ule wa gita la mashine ya posho, ambao ulisema yote. Uliisikiliza? anamwuliza sasa. Righa anatabasamu, anaonyesha pande za kichwa chake. Ilikuwa na kelele, anasema. Mimi napenda rumba. Niliirudisha na basi la wiki iliyofuata, kwani hukuipata? Niliipata, anasema Wakesho, ndiyo niliyoitia redioni leo. Mungu wangu, Righa. Niliipata.

Mezani kuna kaseti. Haina jina, kwa sababu Mwakio hakuandika jina kwenye kaseti kabla haijapigwa hewani, aliamini ni kujitia mkosi. Vijino vyake vimevunjwa. Nilidhani ni mahubiri ya baba, Wakesho anasema kwa sauti, na hayo ndiyo maneno aliyojiambia kwa miaka ishirini na saba, ameyatumia mpaka yamelainika. Maduka yalikuwa yamefungwa, basi la Righa lilikuwa linaondoka alfajiri, sikuwa na kaseti nyingine, nilidhani ni mahubiri. Mtangazaji anaichukua kaseti, anaitia redioni, anabonyeza. Pumzi nne za kimya. Kisha fimbo za ngoma zinahesabu, tak, tak, tak, tak, na mkono wa Wakesho, mkono wa msichana wa miaka ishirini na miwili, unatoka pembeni na kuizima. Zilikuwa fimbo, anasema mtangazaji. Baba yenu alihubiri kwa fimbo? Wakesho alizisikia. Alijua. Alikaa na kaseti ile mkononi kwa muda wa kutosha kuchemsha chai, kisha akasema moyoni, watapiga tena, si wako wawili tu na ngoma iko stoo, na akakata selotepu kwa meno.

Na Mwakio alipokuuliza? anasema mtangazaji. Sikusema uongo, anasema Wakesho. Ulisema nini? Nilisema, Mwadime alikuja hapa Ijumaa. Alikuja? Alikuja, alileta bakuli la mama yake. Basi ni kweli, anasema mtangazaji. Ni kweli, anasema Wakesho, na anakaa chini sakafuni, kwa sababu hajawahi kuusikia ukweli huo ukisemwa na mtu mwingine, na ukisemwa na mtu mwingine unanuka. Nipe wimbo, anamwambia. Nimeshakiri. Nipe wimbo niende nikauweke wa tisa, watu wasikie, yaishe. Mtangazaji anainamisha goti lake karibu na uso wake, na kwa mara ya kwanza sauti yake si ya redioni. Ukimwaga maji juu ya maji, anauliza, ya chini yalikwenda wapi? Hayapo, anasema Wakesho. Hayapo. Lakini wewe, anasema mtangazaji, ulimwaga kikombe, na beseni lilikuwa pana zaidi. Hujawahi kungoja mwisho, binti. Wimbo wako ukiisha unabonyeza. Wote mnaniona mimi ndiye mharibifu wa mwisho wa nyimbo. Bandua hiyo.

Anabandua. Selotepu imekauka, imekuwa ya manjano, inatoka na vumbi la miaka, inanata kwenye kidole gumba chake na haitaki kutoka, na sebule inaanza kuzunguka, na Righa anazunguka akitabasamu, na wimbo wa nane, ule uliosema yote kwa mtu asiye na masikio, unafika mwisho wake na kuisha. Kimya. Pumzi moja, mbili, tatu, nne. Kisha, kwa kuwa wimbo wao ulirekodiwa mwishoni kabisa mwa upande B na mchanganyiko wake uliishia sekunde chache kabla haujaisha, mkia unatokea: gita linashuka, ngoma inagonga mara ya mwisho, toazi la shaba linalia na kufifia, na kijana mmoja anacheka kwa furaha, hajui atakuwa mkata tiketi. Ni Mwakio. Anasema, umesikia, Mwadime? Umesikia tulichofanya? Haya, haraka, vivunje vile vijino, dada yangu asije akafuta. Na sauti ya Mwadime, changa, inajibu, naitoa sasa hivi nivivunje. Tak. Kaseti inafika mwisho na kitufe kinaruka.

Wifi. Wifi, amka, umelala kwenye jasho. Wakesho anafumbua macho. Mkawasi amesimama mlangoni, mwanga wa nje uko nyuma yake, ana sinia la mchele anaoupeta. Nimelala muda gani? Saa mbili nzima. Sikutaka kukuamsha, na hata hivyo ungefanya nini, stima imepotea tangu saa saba. Wakesho anaitazama redio. Taa yake haiwaki. Imepotea saa saba? Saa saba kamili, nilikuwa napiga pasi, anasema Mkawasi. Na Wakesho anajua kwamba saa saba wimbo wa nane ulikuwa haujaanza, au ulikuwa umeanza, hakumbuki. Anainama kwenye kidirisha. Gurudumu la kushoto limekonda kabisa, utepe wote umehamia upande mmoja, kaseti imefika mwisho. Kitufe kiko juu. Anainua mkono kupangusa jasho na kitu kinamnata kwenye paji la uso. Ni kipande cha selotepu, cha manjano, kimeshika kidole gumba.

Basi anaweza kungoja stima irudi, airudishe kaseti kidogo, asikilize. Wazo hilo linamjia na linamtisha kuliko yote aliyoyaona. Kukiwa na mvumo mtupu, atakuwa ameota, na Mwakio atakuwa hajasema kitu, na hakutakuwa na wimbo popote, hata mkia wake. Ikiwepo ile sauti, itabidi aiweke nafasi ya tisa, na Jumamosi, watu wakiwa na sahani mikononi, marehemu mwenyewe atawaambia nani alifuta. Na Mwadime, kama atakuja na kusimama nje ya ua, ataisikia kupitia michongoma.

Umeupata ule wimbo wao, wifi? anauliza Mkawasi. Wakesho anakaa kitako kwenye mkeka. Niliufuta mimi, anasema. Si Mwadime. Mwadime hakuugusa. Niliufuta mimi, nilikuwa najua ni wao, na nikawaacha wagombane. Anayasema yote, na bakuli, na selotepu, na yule mwanamume wa Taveta, anayasema akiitazama sakafu, na anapomaliza anasikia mchele ukipetwa, shwa, shwa, kisha nyayo za Mkawasi zikienda jikoni. Anangoja. Jikoni kikombe kinagonga sinia. Anangoja kishindo, au kilio, au kufukuzwa nje kama mbwa, ni haki yake. Nyayo zinarudi. Zinasimama mlangoni palepale, mwanga nyuma yake. Nimekuletea chai, sauti inasema kwa upole uleule, bila mkunjo, kama mtu anayeingia kwa mara ya kwanza. Na ule wimbo wao, wifi, umeupata?

Wakesho anakipapasa kile kipande cha selotepu kidoleni. Ataanza tena: niliufuta mimi. Lakini hainui macho, kwa sababu akiinua atalazimika kuona kama aliyesimama pale mlangoni ana uso.